Ndege ya Mboya na Swali la Mwaka wa Pili

Leo nataka kuongea historia, lakini wacha nianze na kitu kinachoniaibisha kidogo.

Kuna grupu ya WhatsApp ya familia yetu inaitwa "Safari ya Ujerumani". Binamu yangu amepata nafasi ya kusoma uhandisi huko na familia nzima inachanga. Anti ndiye mweka hazina. Kila jioni anabandika orodha: jina lako, kiasi ulichotuma, na kama hujatuma, anaacha pengo mbele ya jina ili kila mtu alione vizuri.

Mbele ya jina langu pengo lilikaa wiki tatu.

Si ati sikuwa na doo kabisa. Video zangu hazinipeleki mbali lakini zinanilisha. Shida ilikuwa nyingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Hapa hapa Kenya, chuo ambacho nilikuwa nafika kwa matatu moja tu. Mimi sikufunguliwa grupu. Sikupikiwa chai ya kuchangisha. Basi nilipoona watu wale wale wanatafuta zaidi ya milioni kumpeleka mtu Ulaya, roho iliniuma. Nimesema, sasa mnajua.

Nikikasirika huwa natafuta historia ya kushindia mabishano. Nilitaka kuandika posti kali kwamba sisi Wakenya tunaabudu majuu, na kwamba hata zamani ilikuwa hivyo hivyo: mtu anapanda ndege, kijiji kinabaki bila mbuzi. Nikaanza kusoma kuhusu ndege za Mboya. Posti niliyotaka kuandika ilikufa huko. Hii hapa ndiyo iliyobaki.

Tunachodhani tunakijua

Ukitembea Moi Avenue utaona sanamu ya Tom Mboya. Wengi wetu hapo ni mahali pa kungojana tu. Ukimuuliza mtu Mboya alifanya nini, utaambiwa aliuawa barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969, halafu utaambiwa alipeleka Wakenya Marekani na Kennedy akalipa.

Sehemu ya Kennedy ndiyo imepinda kidogo. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Pesa za akina Kennedy zilikuja mwaka uliofuata, 1960. Kosa hili hata Barack Obama alilifanya: katika hotuba yake kule Selma mwaka 2007 alisema familia ya Kennedy ndiyo iliyomleta babake Marekani, na baadaye watu wake wakakiri haikuwa hivyo. Obama mzee alifika Hawaii mwaka 1959, na hakuwa hata kwenye ile ndege ya watu 81. Aliyemsaidia sana ni Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya kisomo Nairobi.

Kwa nini nang'ang'ana na hili? Kwa sababu ukisema "Kennedy alilipa", unapata picha ya mtu mmoja tajiri akifungua mkoba na kila kitu kinaisha. Ukifuata pesa zenyewe, unapata kitu kingine kabisa. Unapata grupu ya Anti.

Kabla ya ndege

Wakenya hawakuanza kwenda kusoma ng'ambo 1959. Mwaka 1927 Peter Mbiyu Koinange alienda Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa kusomesha Wamarekani weusi. Akaendelea Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Babake alikuwa Chifu Koinange wa Kiambu, mtu mwenye mashamba na sauti. Mbiyu alirudi 1938, na mwaka uliofuata akaanza kuongoza chuo cha walimu Githunguri.

Huyo alikuwa na baba. Sasa angalia asiye na baba wa aina hiyo. Jomo Kenyatta alienda London 1929 akiwa ametumwa na chama cha Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya ardhi. Alienda tena 1931 akakaa huko miaka 15. Chama kilikuwa cha watu wa kawaida waliochanga senti, na senti hazikufika kila mwezi. Kwa hivyo yule tunayemwona kwenye noti na sarafu za zamani aliishi kwa kuunganisha vitu. Waquaker walimpokea kwenye chuo chao cha Woodbrooke, Birmingham. Alifanya kazi na wataalamu wa fonetiki pale University College London, akiwasaidia kuchunguza sauti za Kikuyu. Alionekana kama mwigizaji wa ziada kwenye filamu ya 1935, Sanders of the River. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanya kazi ya shamba Sussex. Katikati ya vibarua hivyo alisoma anthropolojia kwa Malinowski na akatoa kitabu mwaka 1938.

Buda alikuwa anahasol tu. Nilipofika hapo nilianza kumwangalia Kenyatta kama mtu ninayemjua.

Nani alilipa nini mwaka 1959

Sasa tuje kwa Mboya. Ili uelewe presha ilivyokuwa, kumbuka Kenya ya 1959 haikuwa na chuo kikuu kamili. Kulikuwa na Royal Technical College Nairobi, ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kulikuwa na Makerere kule Kampala, ambako nafasi zilikuwa chache na zilipiganiwa na Afrika Mashariki nzima. Uhuru ulikuwa unanukia. Mboya aliuliza swali rahisi: Mwingereza akienda, nani atakaa kwenye ofisi?

Mboya mwenyewe alikuwa amesoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956, kwa ufadhili. Alipopita Marekani 1956 alikutana na mfanyabiashara anayeitwa William Scheinman, wakawa marafiki. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia. Alikutana na Martin Luther King. Alikutana na Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa seneta. Na kila chuo alichopita alikuwa anaomba kitu kimoja: nafasi za wanafunzi, bila karo.

Vyuo vikakubali. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, na ndipo hii stori inafanana na ya kwetu nyumbani. Chuo kikikupa nafasi bila karo, hakijakupa tikiti. Hakijakupa chumba wakati wa likizo, daktari, sabuni, wala koti. Mzigo ukagawanywa mara tatu.

Karo ilikuwa ya vyuo.

Ndege ilikuwa ya shirika jipya la Scheinman na wenzake, African American Students Foundation. Barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na watu watatu: Jackie Robinson, yule aliyevunja ubaguzi kwenye besiboli ya Marekani mwaka 1947, Sidney Poitier mwigizaji, na Harry Belafonte, ambaye baadaye alirekodi Malaika pamoja na Miriam Makeba. Waliojibu barua hiyo hawakuwa mabilionea. Walikuwa maelfu ya watu wa kawaida, kila mmoja akituma kidogo alichonacho. Hiyo ilikuwa M-Changa ya 1959, ila kwa stempu.

Fungu la tatu, la kuishi na matumizi, lilikuwa la nyumbani. Familia ziliuza mbuzi na ng'ombe. Watu waliandaa chai za kuchangisha na ngoma, kanisani na sokoni. Sisi tunaliita harambee na tunadhani Kenyatta alilianzisha 1963. Neno lenyewe aliliinua yeye kuwa wito wa taifa, lakini mkono wa kuchanga ulikuwa umeshazoea kazi.

Mwaka 1960 wanafunzi waliokubaliwa walikuwa wengi zaidi, na pesa hazikuwepo. Serikali ya Marekani ilikuwa imeombwa ikakataa. Julai, Mboya akaenda kumwona Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy alikuwa anagombea urais dhidi ya Nixon. Mfuko wa familia, uliopewa jina la kaka yake aliyekufa vitani, ukaahidi dola 100,000. Watu wa Nixon waliposikia, ghafla na wizara ya mambo ya nje ikagundua ina dola 100,000 za kutoa. Manze, pesa ambazo mwezi uliopita hazikuwepo! Kura za Wamarekani weusi zilikuwa zinatafutwa, na vijana wa Kenya wakaingia katikati bila kujua. Shirika lilichukua za Kennedy.

Mpaka 1963 walikuwa wamepelekwa wanafunzi karibu 800, wengi wakiwa Wakenya, wengine kutoka nchi jirani. Pamela Odede, ambaye aliolewa na Mboya, alikuwa kwenye ile ndege ya kwanza. Wangari Maathai alienda 1960. Kutoka Uganda, Mahmood Mamdani, babake meya wa New York Zohran Mamdani, alienda Pittsburgh 1963.

Baada ya ndege kutua

Picha za siku ya kuondoka ziko nyingi: suti, tai, mama analia. Lakini mimi nilitaka kujua Jumanne ya kawaida, mwezi wa tano baada ya kutua.

Wangari alipangiwa chuo cha masista wa Kikatoliki, Mount St. Scholastica, mji mdogo wa Atchison, Kansas. Kutoka New York walisafiri kwa basi. Ameandika kwamba njiani, Indiana, waliingia mkahawani kununua vinywaji na wakaambiwa hawawezi kukaa ndani, wakanywe nje. Msichana katoka Nyeri, kapita bahari, kafika nchi aliyoambiwa ni ya uhuru, anasimamishwa mlangoni na soda. Hakuna fungu la ufadhili linaloandikwa "siku ya kukataliwa kiti". Lakini siku hiyo inakuja, na inabidi uwe na mtu wa kumwambia.

Yeye alipata watu. Masista walimlea, alimaliza biolojia 1964, akachukua shahada ya pili Pittsburgh 1966, akarudi, akapata udaktari wa falsafa Nairobi 1971. Nobel ilikuja 2004. Miti yote ile ilipitia kwa chuo kidogo ambacho sidhani Mkenya hata mmoja alikuwa anakiota.

Wengine walibanwa. Wakosoaji wa mpango huu, wakiwemo maafisa wa kikoloni, walisema wanafunzi wanarushwa bila pesa za kutosha na kwenye vyuo visivyojulikana. Wakoloni walikuwa na sababu zao za kusema hivyo, lakini tusidanganyane, jambo la pesa lilikuwa na ukweli. Nyaraka za lile shirika zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Michigan State, na ndani yake kuna barua za wanafunzi wakiomba nyongeza. Shirika lililoanzishwa kulipia ndege likajikuta linatoa misaada midogo midogo ya dharura. Kina King nao waliingia: shirika alilokuwa akiliongoza lilisaidia mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Tuskegee, Alabama. Fikiria hilo. Watu waliokuwa wananyimwa viti kwenye mabasi walikuwa wanachanga ili Mkenya asome.

Hizo barua zilinikaa kichwani. Nitazirudia.

Walioenda upande wa pili

Kuna Wakenya waliopita njia nyingine. Oginga Odinga alifungua mlango wa mashariki. Mwaka 1960 Moscow ilianzisha chuo kikuu maalum kwa wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Ukiangalia ufadhili kama bajeti tu, Wasovieti walikuwa wamewaza vizuri kuliko Wamarekani. Karo bure, hosteli, matibabu, mwaka mzima wa kujifunza Kirusi, posho ya kila mwezi, na hata pesa za kununua nguo za baridi ukifika. Koti lilikuwa kwenye bajeti!

Lakini koti haliondoi kila baridi. Mwaka 1965 kundi la wanafunzi Wakenya walioko Baku liliacha masomo na kurudi nyumbani, wakilalamikia ubaguzi na maisha waliyokutana nayo. Na waliomaliza na kurudi na digrii za mashariki walikuta Kenya iliyochagua magharibi, ikiwaangalia kwa jicho la pembeni. Kwa hivyo kuna swali lingine ambalo huwa hatuliulizi tukiona neno "bure": anayelipa anataka nini, na nikirudi nyumbani cheti hiki kitafungua mlango gani?

Obama mzee na mimi

Hapa ndipo niliposimama kusoma nikatembea kidogo nje.

Obama mzee alimaliza Hawaii 1962, akaenda Harvard kusomea udaktari wa uchumi. Mitihani alipita. Mwaka 1964 chuo kilimwambia hakina pesa za kumsaidia zaidi, arudi Kenya akaandikie tasnifu yake huko. Nyaraka za uhamiaji zilizotolewa miaka mingi baadaye zinaonyesha maafisa walikuwa pia wanazungumzia maisha yake ya ndoa, na walitaka aondoke. Alirudi bila ile digrii.

Watu humwelezea kama mtu wa pombe na wanawake. Sawa, alikuwa na mambo yake. Lakini ukiweka hayo kando, unaona mwanafunzi aliyefika hatua ya mwisho na pesa zikakatwa. Nilijua hiyo sura. Nimewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo nikitafuta namba yangu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, na isiwepo.

Sisi wa sasa

Unaweza kusema hiyo ni zamani. Basi kumbuka Uasin Gishu. Wazazi walilipa pesa kupitia mpango wa kaunti ili watoto wasome Finland na Kanada. Mwaka 2023 wakawa barabarani Eldoret wakiandamana, kwa sababu kulikuwa na wanafunzi walioko Finland ambao vyuo vilisema karo yao haijafika, na wengine waliolipa ambao hata hawakuondoka. Mambo yakafika mahakamani. Wale wazazi waliuza mashamba. Walifanya kile kile cha 1959, ila safari hii katikati ya mzazi na chuo pesa zilikosa mwenyewe.

Na kazo wangu wa Ujerumani? Kwenye grupu kila mtu alikuwa anasema "Ujerumani masomo ni bure". Ni kweli, vyuo vingi vya umma huko havitozi karo ya maana. Lakini ili upewe viza lazima uonyeshe utajikimu. Njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa: unaweka euro 11,904, karibu milioni 1.8 za Kenya, na ukifika unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Hapo utoe kodi ya nyumba, bima ya afya ambayo ni lazima, ada ya muhula, na chakula. Kazi unaruhusiwa, lakini siku 140 nzima kwa mwaka. Chumba cha bei nafuu kinapatikana kupitia mashirika ya huduma za wanafunzi, ambayo asili yake ni wanafunzi maskini waliojisaidia wenyewe baada ya vita vya kwanza vya dunia; lakini foleni ni ndefu, unaomba mapema au unalala kwa mtu.

Sasa piga hesabu. Zile euro 11,904 ni za mwaka mmoja. Kibali kikiisha, unaulizwa tena: utaishi na nini?

Basi usiku mmoja, bado bila kutuma hata shilingi, nikaandika kwenye grupu: "Mwaka wa kwanza tumeuona. Mwaka wa pili ni wa nani?"

Kimya. Alama za bluu zinawaka tu. Kisha mjomba akajibu: "Wewe ulishindwa na ya hapa, sasa unatufundisha ya Ujerumani?"

Sikujibu. Niliweka simu chini. Niliandika posti mbili za matusi nikazifuta.

Asubuhi nikakuta sauti ya shosho. Shosho hutuma sauti za dakika saba, na dakika mbili za kwanza huwa ni kuku. Alisema yeye anaikumbuka ile ndege. Alikuwa na miaka 12. Kijana mmoja wa ng'ambo ya mto wao alienda, na kulikuwa na chai kanisani. Mamake shosho hakuwa na pesa, akatoa mayai, yakauzwa hapo hapo kwa mnada, yai moja likinunuliwa kwa bei ya kuku ili pesa ziongezeke. Akasema baada ya muda ilikuja barua, mwalimu akaisoma mbele ya watu. Kijana alisema kuna baridi, na pesa zimeisha.

"Basi tukachanga tena," shosho akasema. "Hatukuwa tumepanga mwaka wa pili. Aliandika, tukachanga."

Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia kuku. Halafu: "Wewe hukuandika. Sisi tulijua umeacha shule wakati ulikuwa umeshaacha."

Watu wangu, nilikaa kitandani na hiyo simu. Kwa sababu ni kweli. Nilificha muhula mzima. Nilikuwa natoka nyumbani asubuhi na begi, naenda kukaa kwa rafiki kurekodi video. Niliogopa ile orodha ya Anti, jina langu likiwa juu kama mwombaji. Nikaja kuwalaumu kwa mchango ambao sikuuomba. Siwezi kusema wangenipa. Labda mjomba angesema alichosema. Lakini kijana wa ng'ambo ya mto aliandika barua, na wale wote ambao barua zao ziko Michigan waliandika, na mimi sikuandika.

Kwa hivyo

Nilichojifunza si kwamba majuu ni mbaya wala nzuri. Ni kwamba hakujawahi kuwa na ufadhili mmoja uliobeba mtu mzima. Siku zote umekuwa vipande: chuo kipande, mfadhili kipande, kijiji kipande, kibarua kipande. Mboya hakuwa tajiri. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande na kuendelea kuomba wakati wengine wameona aibu.

Kama wewe ndiye unaondoka, usiseme "nimepata skolashipu" ukaishia hapo. Uliza inalipa nini hasa: karo tu, au na chumba, bima, nauli ya kurudi? Uliza ni ya mwaka mmoja au mpaka mwisho, na ukipata alama mbaya inakuwaje. Lipa karo kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na chuo kithibitishe kimeipata, kabla hujamwamini mtu wa katikati. Mtafute Mkenya mmoja aliye mji ule kabla hujafika. Na ukiishiwa, andika mapema, kabla ya kusimamishwa, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.

Kama wewe ndiye unachanga, usimalize pesa zote kwenye sherehe ya uwanja wa ndege.

Jioni ile nilituma shilingi 6,000. Si nyingi, na mjomba ametuma mara kumi ya hiyo. Nikamwambia Anti aandike mbele ya jina langu: "koti". Nikapendekeza tuchange kidogo kidogo kila mwezi, binamu akishaondoka, kwenye akaunti tofauti ya mwaka wa pili. Anti alikubali. Mjomba aliweka kidole gumba, bila neno.

Binamu alinitumia ujumbe pembeni: "Asante kazo. Na wewe ulikuwa umebakisha miaka mingapi?"

Nilimwambia miwili.

Bado sijaandika barua yangu. Lakini juzi niliuliza chuoni kama jina langu bado liko kwenye rejista, na karo niliyobakisha ni ngapi. Nimeandika ile hesabu kwenye karatasi, fungu kwa fungu, kama ya Ujerumani. Iko hapa mezani ninapoandika.